Jiwe Lililokula Mtaa Wetu

Luleå, Februari, saa nane usiku.
Bahari imeganda, magari yanapita juu yake.
Humu ndani tuko wawili: mimi
na jiwe la ukubwa wa punje ya choroko,
jeusi, limebanwa na nyaya nne nyembamba kuliko unywele,
mbili za kulilisha umeme,
mbili za kulisikiliza.

Jiwe ni la baba.
Evert Kuoppala alilitoa mgodini Malmberget
ndani ya kopo lake la chakula, mwaka niliozaliwa,
akaliweka dirishani, zima, kubwa kama ngumi.
Likashika pini za mama, sindano, ufunguo wa baiskeli.
Kila kilichopotea nyumbani tulikitafuta kwanza pale.

Baadaye mgodi ukaifuata nyumba yenyewe.
Ardhi ilianza kutitia. Wakaja watu wa vipimo,
wakaipaka milango alama nyekundu,
na mtaa wetu, namba tatu hadi namba ishirini na moja,
ukapakiwa kwenye matrela, au ukavunjwa.
Yetu ilivunjwa.
Mama hakulia. Aling'oa mlango wa jikoni, akaondoka nao.

Niseme kilichomo, kwa lugha ya jikoni:
vyuma vitatu kwa oksijeni nne.
Kati ya vyuma hivyo kuna elektroni isiyo na kwao,
inalala hapa, inaamkia kwa jirani,
inaazimwa kama ngazi ya mtaa mzima,
na kuazimana huko ndiko umeme.
Weusi nao ni huohuo:
mwanga wa rangi yoyote ukibisha hodi
hukuta mtu yu macho. Huingia. Hautoki.

Nafungua heliamu. Namba zinashuka.
Mia mbili. Mia moja na hamsini.
Ukinzani unapanda taratibu, kama mtu mwenye magoti mabovu.
Vitabu vinasema: karibu na mia na ishirini na nne
kila elektroni itachagua pa kukaa, itafunga mlango,
na ukinzani utaruka mara mia.

Mia na ishirini na nne: kimya.
Mia na ishirini: kimya.
Nikashuku waya, nikashuku gundi ya fedha, nikajishuku.
Mia na kumi na mbili,
mstari ukainuka.

Asubuhi Golestani akautazama mchoro, akavuta ndevu.
"Lina uchafu. Titani, bila shaka. Litupe,
fuwele ya tanuru inafika Jumatatu."
Ana haki. Mgeni mmoja kati ya mia
anatosha kuwachelewesha wote kufunga milango.
Lakini nani alikuwa safi kule chini, mita mia nane?

Sikulitupa.

Usiku wa pili nililisugua hadi likawa kioo,
nikalipelekea mwanga wa leza uliochujwa
hata ukatikisika upande mmoja tu, juu chini, juu chini,
kama mtu anayekubali kila anachoambiwa.
Ukagonga uso wa jiwe, ukarudi.
Nikageuza sumaku, kaskazini ikawa kusini,
ukagonga tena, ukarudi.

Sehemu ya kumi ya digrii moja.
Basi. Jicho halioni hilo, ila mashine inaapa.

Nikampigia mama. Yuko Gällivare, ghorofa ya nne,
mlango wa jikoni umeegemezwa ukutani, hauendi popote.
"Ehe, jiwe la Evert linasemaje?"
Nikatafuta neno. Pembe, nguvu, mawimbi:
yote yalikuwa ya kazini.
"Mwanga ukienda kwake," nikasema,
"unarudi shingo upande."

Akanyamaza. Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni.
"Ndivyo alivyokuwa akirudi zamu," akasema,
kisha akaniuliza kama nimekula.